Nafasi ya herufi 15 iliyoyumbisha kompyuta za dunia

Na Mwandishi Wetu

AGOSTI 11, 2003, kompyuta zilizokuwa zikitumia Windows XP na Windows 2000 katika nchi mbalimbali duniani zilianza kuanguka moja baada ya nyingine. Kwenye Windows XP kilitokea kisanduku kikimwarifu mtumiaji kwamba amebakiwa na sekunde 60 za kuhifadhi kazi yake, kisha hesabu ikaanza kurudi nyuma hadi sifuri na kompyuta ikajizima na kujiwasha upya.

Aliyerejea kwenye intaneti alikuta hali ni ile ile. Chanzo kilikuwa programu haribifu iliyopewa jina la Blaster, mnyoo uliosambaa wenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtumiaji kufungua barua pepe wala kubofya chochote.

Kilichouwezesha mnyoo huo kupenya hakikuwa maarifa ya ajabu. Ndani ya Windows kulikuwa na sehemu iliyotenga nafasi ya kuweka jina la kompyuta lisilozidi herufi 15, lakini sehemu hiyo haikupima urefu wa jina ililoletewa.

Kosa la namna hiyo ni miongoni mwa makosa ya kale zaidi katika fani ya kompyuta, na mpaka leo halijakwisha. Ili kuelewa ni kwa nini, hatuna budi kwanza kuangalia jinsi programu inavyozungumza na mfumo endeshi.

Mteja na chupa yake

Programu yoyote, iwe ya kuandikia barua, ya benki au ya kusikilizia muziki, haifanyi kazi peke yake. Kila inapotaka kujua jina la kompyuta, jina la mtumiaji aliyeingia, folda inayotumika au maneno yaliyoandikwa juu ya dirisha, huuliza mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia mitambo yote ya kompyuta, kama vile Windows, Linux au Unix.

Jibu la swali la aina hiyo ni maandishi, na maandishi lazima yawekwe mahali. Kwa utaratibu uliozoeleka, anayeuliza ndiye anayekuja na chombo. Programu hutenga sehemu ya kumbukumbu yenye ukubwa maalumu, ambayo mafundi huiita bafa, kisha huupa mfumo endeshi anwani ya sehemu hiyo na kuuomba uijaze jibu.

Utaratibu huo una sababu zake. Programu iliyotenga nafasi ndiyo inayojua ni lini itaiachia, hivyo hakuna mvutano juu ya nani afanye usafi kazi ikiisha. Aidha, mfumo endeshi hulinda kumbukumbu yake dhidi ya programu za kawaida, kwa hiyo ni salama zaidi kunakili jibu na kuliweka kwenye eneo la mwombaji kuliko kumruhusu mwombaji aingie ndani kulichukua.

Mfano wake ni mteja anayekwenda dukani na chupa yake kununua mafuta ya taa. Mwenye duka huiona chupa, humimina hadi mafuta yafike shingoni na kuacha. Mfumo endeshi hauoni chupa. Unaelekezwa tu mdomo wa chupa ulipo, tena gizani, na usipoambiwa ujazo wake hauna njia ya kujua ni wakati gani uache kumimina.

Giza hilo lina historia. Mifumo endeshi mingi, ikiwamo Unix na sehemu kubwa ya Windows, iliandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Bw. Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Katika lugha ya C, maandishi ni mfululizo wa baiti zilizopangwa moja baada ya nyingine, na mwisho wake huonyeshwa na baiti moja yenye thamani ya sifuri. Hakuna mahali panapoandikwa kwamba maandishi haya yana urefu fulani, wala kwamba bafa hii ina nafasi kadhaa. Anayepewa anwani anajua mwanzo tu.

Kutokana na hali hiyo, jina la herufi 15 huhitaji nafasi 16, ya mwisho ikiwa ya ile sifuri ya kumalizia. Mwandishi wa programu akiisahau nafasi hiyo moja, tayari amemwaga nje ya chupa.

Hesabu ya aina hiyo ndiyo iliyozaa kikomo cha 260, ambacho watumiaji wa Windows hukutana nacho wanapokataliwa kunakili faili iliyofichwa ndani ya folda nyingi zenye majina marefu. Nafasi tatu ni za kutaja diski, mfano C:\, nafasi 256 ni za njia ya faili yenyewe, na moja ni ya sifuri.

Mwaka 2016 Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 linaloruhusu programu zilizojiandikisha kufanya hivyo kuvuka kikomo hicho. Hata hivyo, programu nyingi zilizoandikwa kabla ya hapo bado zimefungwa nacho, kwa sababu bafa zake zilikatwa kwa kipimo cha 260.

Maandishi yanapogeuka kuwa amri

Msomaji anaweza kujiuliza, maandishi yakizidi nafasi kuna hasara gani zaidi ya herufi chache kupotea? Ubaya ni kwamba herufi zilizozidi hazipotei. Kumbukumbu ya kompyuta haina kuta, na kinachofurika kutoka kwenye bafa huangukia juu ya kilichohifadhiwa jirani.

Katika programu nyingi, jirani huyo ni muhimu kupita kiasi. Kila sehemu ya programu inapoitwa kufanya kazi, kompyuta huandika pembeni anwani ya mahali pa kurejea kazi hiyo ikiisha. Anwani hiyo huwekwa kwenye eneo lile lile la kumbukumbu ambako bafa nyingi hutengwa, hatua chache tu mbele yake.

Mtu anayeweza kutuma maandishi marefu kuliko bafa anaweza, kwa hesabu nzuri, kuifuta anwani hiyo na kuandika yake. Akiielekeza kwenye maandishi yale yale aliyotuma, kompyuta itaanza kuyatekeleza kama amri. Kilichoingia kama jina kinageuka kuwa bwana wa nyumba.

Dunia ililijua hilo Novemba 2, 1988. Siku hiyo Bw. Robert Tappan Morris, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachia mnyoo kwenye intaneti iliyokuwa bado changa, ikikadiriwa kuwa na kompyuta 60,000 hivi.

Moja ya njia alizotumia ilikuwa huduma ya Unix ya kuulizia habari za watumiaji wa kompyuta nyingine. Huduma hiyo ilitenga bafa ya baiti 512 kwa ajili ya kupokea swali, na ikalipokea kwa amri ya lugha ya C iitwayo gets, ambayo haina hata sehemu ya kutaja ukubwa wa bafa. Mnyoo ulituma baiti 536.

Ziada ya baiti 24 ilitosha. Kompyuta zinazokadiriwa kufikia 6,000 ziliambukizwa, vyuo vikuu na taasisi za utafiti zikalazimika kujitenga na mtandao kwa muda, na mwaka huo huo kikaundwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kituo cha kuratibu dharura za kompyuta.

Bw. Morris alitiwa hatiani, na mwaka 1990 alihukumiwa kuwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu, kufanya kazi za jamii kwa saa 400 na kulipa faini ya dola 10,050. Amri ya gets nayo ilifutwa katika kanuni rasmi za lugha ya C mwaka 2011, miaka 23 baada ya kuonyesha madhara yake.

Dakika 10 za Slammer

Mtu angetarajia kwamba baada ya 1988 somo lingekuwa limeeleweka. Januari 25, 2003, mnyoo mwingine ulioitwa Slammer ulithibitisha kwamba sivyo.

Slammer ulishambulia programu ya Microsoft ya kutunzia kumbukumbu za taarifa, SQL Server. Programu hiyo ilikuwa ikipokea jina kupitia mtandao, ikaliunganisha na maneno mengine ili kupata njia kamili ya mahali pa kusoma mipangilio yake, kisha ikauomba mfumo endeshi uifungue njia hiyo. Bafa ya kuunganishia maneno hayo ilikuwa na ukubwa maalumu, lakini jina lililotoka nje halikupimwa.

Mnyoo mzima ulikuwa na baiti 376 tu, yaani pungufu ya ukurasa mmoja wa daftari. Kwa mujibu wa uchambuzi wa watafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka huo, dakika za mwanzo idadi ya kompyuta zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila sekunde 8.5, na zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta zenye udhaifu huo zilipatikana ndani ya dakika 10. Jumla yake ilikuwa angalau 75,000.

Nchini Marekani, benki kubwa ya Bank of America ilijikuta wateja wake wakishindwa kuchukua fedha kwenye sehemu kubwa ya mashine zake 13,000 za kutolea fedha. Mnyoo huo uliingia hata kwenye mtandao wa kompyuta wa kituo cha nyuklia cha Davis-Besse katika jimbo la Ohio, ambacho kwa bahati njema hakikuwa kikizalisha umeme wakati huo.

Miezi saba baadaye ndipo ikaja zamu ya Blaster. Safari hii udhaifu ulikuwa ndani ya Windows yenyewe, katika huduma inayoziwezesha programu za kompyuta tofauti kuitana.

Ombi lililofika kwenye huduma hiyo liliweza kutaja faili iliyoko kwenye kompyuta nyingine. Kwa desturi ya Windows, njia ya faili ya namna hiyo huanza na mikwaju miwili ya nyuma, likafuata jina la kompyuta, kisha mkwaju mwingine. Windows ilichotakiwa kufanya ni kulichomoa jina lililo katikati na kuliweka kwenye bafa.

Kwa kuwa jina la kompyuta katika mfumo huo wa zamani haliruhusiwi kuzidi herufi 15, bafa ilipewa nafasi 16. Maagizo ya kunakili yakasema: chukua herufi moja moja na uziweke kwenye bafa hadi utakapokutana na mkwaju. Hayakusema: au hadi nafasi zitakapokwisha.

Mwandishi wa maagizo hayo aliamini kwamba jina halitazidi 15 kwa sababu kanuni inakataza. Lakini kanuni hiyo iliwabana wanaotoa majina halali. Haikumbana mtu aliyetunga ombi kwa mkono wake na kusogeza mkwaju mbali.

Ile hesabu ya sekunde 60 haikuwa hata lengo la mnyoo. Blaster ulilazimika kubahatisha iwapo unashambulia Windows XP au Windows 2000, kwa kuwa anwani za kurukia zilitofautiana. Ulipokosea, huduma iliyoshambuliwa ilianguka, na Windows XP ilikuwa imepangwa kujiwasha upya kila huduma hiyo inapokufa.

Kutaja ukubwa hakutoshi

Baada ya mikasa hiyo, jawabu la haraka linalokuja akilini ni kwamba programu itaje ukubwa wa bafa kila inapouliza. Huduma nyingi za mifumo endeshi zinadai jambo hilo. Hata hivyo, kutaja ukubwa ni nusu ya kazi.

Kwanza, kuna suala la kipimo. Mei 2001 Microsoft ilitangaza udhaifu katika seva yake ya tovuti iliyokuja na Windows 2000, kwenye sehemu iliyohusika na kuchapisha nyaraka kupitia mtandao. Sehemu hiyo ilikuwa na bafa mbili za kuwekea jina la seva, moja ya herufi za baiti moja moja na nyingine ya herufi za baiti mbili mbili.

Ilipoomba jina, ilitoa bafa ndogo lakini ikataja ukubwa wa ile kubwa, tena kwa baiti. Seva ikaelezwa kwamba chombo kina nafasi mara mbili ya ukubwa wake halisi. Ukubwa ulitajwa na ukazingatiwa, lakini haukuwa wa chupa iliyokuwa mkononi, na aliyeutumia udhaifu huo aliweza kupata mamlaka yote juu ya kompyuta.

Pili, kuna suala la kukatwa kwa maandishi. Baadhi ya huduma, jibu lisipoenea, hulikata na kurudisha kipande bila kupiga kelele. Huduma ya Windows ya kusoma maneno ya juu ya dirisha hufanya hivyo. Huduma ya Unix ya kusoma njia iliyohifadhiwa ndani ya faili ya mkato, iitwayo readlink, nayo hukata, na zaidi ya hapo haiweki kabisa sifuri ya kumalizia.

Katika Windows XP, huduma ya kuuliza programu imehifadhiwa wapi ilikata jibu na kuliacha bila sifuri pale bafa ilipokuwa ndogo. Kasoro hiyo iliondolewa katika matoleo yaliyofuata, ambayo huweka sifuri na kutoa taarifa ya kosa. Programu iliyoandikwa kwa kuamini tabia mpya, ikipelekwa kwenye mfumo wa zamani, husoma kupita mwisho wa bafa na kuokota chochote kilichoko mbele.

Kipande cha jibu si jibu. Programu iliyotakiwa kufuta folda ya nakala za mwaka jana, ikipewa njia iliyokatwa katikati, inaweza kujikuta ikifuta folda mama yenye nakala zote. Hapo hakuna mdukuzi wala mnyoo, na hasara ni ile ile.

Tatu, herufi na baiti si kitu kimoja, na hapa jambo linamgusa moja kwa moja anayeandika Kiswahili. Katika mpangilio wa UTF-8, unaotumiwa na karibu tovuti zote, kila herufi ya Kiswahili kwa hati ya Kilatini huchukua baiti moja. Neno ng'ombe likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka huchukua baiti saba.

Programu nyingi za kuandikia hubadilisha ritifaa hiyo zenyewe na kuweka ile iliyopinda, ambayo huchukua baiti tatu. Neno lile lile, linalosomeka vile vile, sasa lina baiti tisa. Likikatwa kwenye baiti ya nne, ritifaa hubaki kipande na msomaji huona alama isiyosomeka. Kiswahili kinachoandikwa kwa hati ya Kiarabu huchukua takriban baiti mbili kwa kila herufi.

Wenye simu za mkononi wamelionja hilo. Ujumbe mfupi wa simu ni bafa ya baiti 140, ambazo hutosha herufi 160 za kawaida kwa kuwa kila moja hubanwa isitumie baiti nzima. Ritifaa iliyopinda haimo katika orodha ya herufi hizo, na simu isipoibadilisha, ujumbe wote huhamia kwenye mpangilio mwingine na kikomo hushuka hadi herufi 70. Mtumaji hulipia ujumbe mbili kwa sababu ya alama moja.

Uliza, pima, soma jibu

Mafundi makini wana utaratibu wao wa kuepuka mitego hiyo. Kwanza husoma maelezo ya kila huduma wanayoiita, kwa sababu hakuna mbili zinazofanana kikamilifu. Huhakikisha wanajua iwapo ukubwa unatajwa kwa herufi au kwa baiti, na iwapo ile sifuri imehesabiwa au la.

Hata ndani ya huduma moja hesabu inaweza kubadilika. Huduma ya Windows ya kusoma mipangilio ya mazingira, ikifaulu, hutaja idadi ya herufi bila sifuri. Ikishindwa kwa sababu bafa ni ndogo, hutaja nafasi zinazohitajika pamoja na sifuri. Asiyejua tofauti hiyo atakosea kwa moja, na moja inatosha kuleta balaa.

Hatua inayofuata ni kusoma jibu linalorudi kabla ya kugusa bafa. Huduma ikisema imeshindwa, yaliyomo kwenye bafa hayapaswi kuaminiwa. Idadi iliyorudishwa ikilingana na nafasi zote zilizokuwapo, ni busara kushuku kwamba maandishi yamekatwa.

Pale huduma inapoeleza ukubwa unaohitajika, programu hutenga bafa mpya inayotosha na kuuliza upya. Lakini kati ya swali la kwanza na la pili jina linaweza kubadilishwa na programu nyingine likawa refu zaidi. Kwa hiyo swali la pili nalo hupimwa kama la kwanza, na mzunguko huendelea hadi jibu lienee.

Wapo wanaouliza kwa nini wasitenge bafa kubwa mno na kuachana na usumbufu wote huo. Bafa kubwa husaidia kwa majibu ya kawaida, lakini urefu wa maandishi yanayotoka nje huamuliwa na aliyeyatuma. Chombo chochote kisichopimwa kina maandishi yanayokizidi.

Wala wakongwe hawajasalimika. Februari 2016 wahandisi wa Google na Red Hat walitangaza udhaifu katika maktaba ya msingi ya lugha ya C inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, kwenye huduma ya kutafuta anwani ya tovuti kutokana na jina lake.

Huduma hiyo ilianza na bafa ya baiti 2,048. Jibu likizidi, ilitenga bafa nyingine kubwa zaidi, kama inavyotakiwa. Lakini katika mazingira fulani ilichanganya hesabu, ikashika ukubwa wa bafa mpya huku ikiendelea kumimina kwenye ile ya zamani. Kosa hilo lilikuwamo tangu 2008.

Kinga na gharama zake

Kampuni zimejenga kinga kadhaa. Januari 2002 Bw. Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wa Microsoft waraka uliotanguliza usalama mbele ya kuongeza vikorombwezo vipya. Baada ya Slammer na Blaster, Agosti 2004 kampuni hiyo ilitoa kifurushi cha pili cha marekebisho ya Windows XP, kilichowasha ukuta wa kinga moja kwa moja na kuweka alama za ulinzi karibu na zile anwani za kurejea.

Kinga hiyo haikuwafikia wote kwa wepesi. Kifurushi kamili kilikuwa na ukubwa wa megabaiti 266 hivi. Kwa laini ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kukipakua kungechukua zaidi ya saa 10 hata kama laini isingekatika. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambayo mkongo wa kwanza wa baharini wa Seacom uliifikia mwaka 2009, hilo halikuwa jambo dogo.

Njia ya pili ni kubadili lugha. Lugha kama Java, Python na Rust hubeba urefu wa maandishi pamoja na maandishi yenyewe, na hukataa kuandika nje ya mpaka. Linux ilianza kukubali sehemu zilizoandikwa kwa Rust katika toleo la Desemba 2022, na Februari 2024 Ikulu ya Marekani ilitoa ripoti ikizihimiza kampuni kuhamia kwenye lugha zinazolinda kumbukumbu.

Sababu ya msukumo huo ni dhahiri. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama iliokuwa ikiurekebisha kila mwaka ulitokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu, kundi ambalo kufurika kwa bafa ni sehemu yake.

Hata hivyo, kuhama si kazi ya siku moja. Mifumo ya benki, hospitali na viwanja vya ndege imejengwa juu ya mamilioni ya mistari iliyoandikwa kwa lugha ya C na nduguye, C++. Aidha, lugha salama nayo, inapouita mfumo endeshi moja kwa moja, hulazimika kutoa anwani na ukubwa kwa utaratibu ule ule wa zamani.

Julai 19, 2024, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka baada ya programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike kupokea masasisho yenye kasoro. Safari hiyo tatizo halikuwa maandishi kufurika, bali programu ilisoma kitu cha 21 katika orodha iliyokuwa na vitu 20. Ndege zilikwama na hospitali zikaahirisha huduma kwa sababu ya hesabu iliyopishana kwa moja.

Kwa mtumiaji wa kawaida, tarehe ndizo zinazofundisha. Kiraka cha kuzuia Blaster kilitolewa Julai 16, 2003, siku 26 kabla ya mnyoo kutokea. Kile cha kuzuia Slammer kilikuwa kimetolewa miezi sita kabla. Waliokuwa wameviweka hawakuguswa na kufurika huko.

Kwa wanaoandika programu, na kwa vyuo vinavyowafundisha, kazi ni kuzoea kwamba jibu la mfumo endeshi lina sehemu mbili, maandishi na taarifa ya kama maandishi hayo yameenea. Mwaka 2003 nafasi 16 zilikuwapo na kanuni ya herufi 15 ilikuwapo. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa kuuliza kama jina limeenea.